Tusichezee Magurudumu ya Magari

Katika gereji za mikoa yetu ya kaskazini, kutoka Moshi hadi Arusha na Karatu, kuna kifaa kidogo ambacho wenye magari hukinunua kwa furaha na mafundi hukifunga kwa haraka. Ni bamba la mviringo la alumini au la chuma, linalotiwa kati ya kitovu cha gurudumu na rimu, ili gurudumu lisukumwe lipate kutokeza nje zaidi. Mafundi hukiita spesa. Leo tumeonelea yafaa tukizungumzie kifaa hiki, kwa kuwa jambo lolote linalohusu namna gurudumu linavyoshikwa kwenye gari si jambo la pambo tu. Ni jambo la uhai wa watu.

Tungependa ieleweke tangu mwanzo kwamba hatukusudii kumlaumu kila mwenye gari aliyefunga spesa, wala hatudai kwamba kila spesa ni mauti. Tunalosema ni hili: spesa nene, ambazo ndizo zinazosukuma gurudumu mbali zaidi, zina nati zinazofichika nyuma ya rimu, mahali ambapo dereva, abiria na askari hawawezi kuziona. Kitu kinachobeba maisha ya watu, na ambacho hapana anayekikagua, hakifai kuachiwa kila mtu akifanye apendavyo.

Kwanza tuwatendee haki wanaokitumia kifaa hiki, maana wanazo sababu zao. Wako wanaotafuta sura. Gari ambalo magurudumu yake yamejaa hadi ukingoni mwa madigadi huonekana limesimama kifua mbele, na vijana wengi hupenda hivyo. Wako waliofunga tairi pana kuliko zile zilizotoka kiwandani, wakakuta zinasugua springi au vyuma vya ndani, wakatafuta njia ya kuzisogeza nje. Wako pia walionunua rimu za gari jingine zisizolingana na lao. Gari moja lina matundu ya boliti yaliyopangwa katika duara la kipenyo cha milimita 100, na jingine la milimita 114.3, bamba lenye matundu ya aina zote mbili huunganisha visivyoungana.

Sababu ya nne inahusu mkoa wa Arusha hasa, nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote. Magari ya Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ni nguzo ya safari za watalii katika sehemu zetu. Mwaka 2007 magari hayo yalipobadilishwa ili yaweze kupokea injini ya V8, sehemu ya mbele ilipanuliwa, lakini ekseli ya nyuma ikaachwa na upana wake mdogo. Tokeo lake ni kwamba nafasi kati ya magurudumu mawili ya nyuma ni pungufu ya ile ya mbele kwa karibu milimita 95. Penye mchanga au tope, magurudumu ya nyuma hayapiti katika nyayo za yale ya mbele. Kila moja hulazimika kujichimbia njia yake. Dereva anayefunga spesa ya milimita 47 hivi kila upande wa nyuma anajaribu kurekebisha kasoro iliyo ya kweli. Tena ni kweli kwamba gari ambalo magurudumu yake yameachana zaidi husimama imara zaidi konani. Hayo hatuyakatai.

Lakini ili tujue mahali hatari ilipo, yatupasa tujue gurudumu hushikwaje. Watu wengi hudhani kwamba gari huning'inia juu ya zile boliti tano, kama koti linavyoning'inia kwenye msumari. Sivyo hata kidogo. Nati zinapokazwa, boliti huvutika kiasi kidogo mno, na mvuto huo huibana rimu dhidi ya uso wa kitovu. Msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba kazi kubwa wakati gari linapokwenda, linapopinda na linapofunga breki. Nati zikilegea, au uchafu, kutu ama rangi ikakaa kati ya nyuso hizo kisha ikasagika, mbano hupungua. Hapo rimu huanza kucheza, na boliti hupindwa huku na huku kila gurudumu linapozunguka. Gurudumu la Land Cruiser katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa huzunguka kama mara tisa katika kila sekunde moja. Chuma kinachopindwa hivyo huchoka, kama waya unavyokatika ukikunjwa na kukunjuliwa kwa mkono, na siku ya kukatika haitoi taarifa.

Sasa tuzitazame spesa zenyewe. Ziko za namna mbili. Namna ya kwanza ni bamba jembamba lenye matundu tu, ambalo hupitishwa katika boliti za gari, kisha rimu hufuata, kisha nati zile zile za zamani. Ubaya wake ni wa hesabu nyepesi. Kanuni inayofuatwa na mafundi stadi ni kwamba nati iingie kwenye boliti kwa urefu usiopungua kipenyo cha boliti yenyewe. Magari mengi madogo ya Toyota hutumia boliti ya milimita 12, ambayo hesi yake husogea milimita 1.5 katika kila mzunguko. Basi nati haina budi kuzunguka mara 8 kamili. Spesa ya milimita 5 hula zaidi ya mizunguko mitatu. Ile ya milimita 10 hula zaidi ya sita. Fundi akiitia spesa hiyo bila kubadilisha boliti na kuweka ndefu zaidi, nati inabaki imeshika nchani tu. Kwa macho gurudumu limefungwa. Kwa hakika limeegeshwa.

Namna ya pili ni bamba nene, aghalabu la milimita 20 na kuendelea, ambalo hufungwa kwenye kitovu kwa nati zake, halafu lenyewe lina boliti nyingine za kushikia rimu. Hii ndiyo iliyo katika Land Cruiser tulizozitaja. Ikiwa imetengenezwa kwa alumini ngumu, ikachongwa kwa usahihi, ikakaa sawasawa juu ya kitovu bila kupwaya, na kila nati ikakazwa kwa kipimo, yaweza kufanya kazi vizuri. Lakini tazama kilichotokea. Mahali palipokuwa na mshikamano mmoja sasa pana miwili, na palipokuwa na nati tano sasa pana kumi. Nati tano kati ya hizo zimefunikwa na rimu.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu. Dereva mwangalifu wa daladala au wa gari la watalii hushuka asubuhi akiwa na spana, akagusa kila nati, akaridhika. Nati alizozigusa ni za nje. Fundi wa pancha kando ya barabara hufungua nati za nje, akaziba tundu, akazirudisha. Za ndani zinabaki pale pale. Askari wa usalama barabarani hutazama tairi, taa, vifuta mvua na mtungi wa kuzimia moto, akamruhusu dereva aende. Watu watatu wamelikagua gari, na hapana hata mmoja aliyeona kile kinacholishika gurudumu. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nati iliyolegea ikiwa nje itaonekana, hata na mtoto. Iliyolegea ikiwa ndani hungoja mteremko wa Mto wa Mbu.

Wako watakaosema kwamba spesa haina kosa la pekee, kwa vile hata rimu iliyotengenezwa itokeze zaidi huongeza mzigo juu ya beringi. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Kubeba ndoo ya maji kwa mkono ulionyooshwa ni kazi kubwa kuliko kuibeba karibu na kifua, ingawa ndoo ni ile ile. Kadhalika beringi huumia gurudumu linaposogezwa nje, iwe kwa spesa au kwa rimu. Mwenye gari anayechagua njia yoyote kati ya hizo ajiandae kubadilisha beringi mapema, na asishangae usukani ukianza kuvuta anapopita kwenye mashimo. Tofauti ni kwamba rimu haina mshikamano wa pili wala nati zilizofichika. Kwa sababu hiyo, kwa mtu mwenye uwezo wa kuchagua, rimu inayolingana na gari lake ni chaguo bora kuliko spesa. Na kwa Land Cruiser, ekseli ya nyuma iliyopanuliwa ni dawa ya ugonjwa wenyewe, ijapokuwa bei yake ni kubwa.

Pana mambo mengine yafanywayo gerejini ambayo hatuwezi kuyanyamazia. Boliti za zamani zinapotokeza mbele ya spesa na kuizuia rimu isikae, baadhi ya watu huzikata kwa mashine ya kukatia vyuma. Joto la mashine hudhoofisha chuma, na hesi ya nchani huharibika. Wengine hukereza spesa za kienyeji kutokana na chuma chakavu kisichojulikana asili yake, au huchonga tundu la katikati likawa kubwa kuliko kitovu, gurudumu likatetemeka tangu siku ya kwanza. Wengine hukaza nati kwa mashine ya upepo peke yake, wakiamini kwamba sauti kubwa ndiyo dalili ya ukazaji mzuri. Toyota Corolla, kwa mfano, hutaka nati zake zikazwe kwa nguvu ya nyutoni-mita 103, sawa na uzito wa kilo 10 na nusu uliotundikwa kwenye ncha ya spana ya urefu wa mita moja. Nguvu iliyopungua huacha rimu icheze. Iliyozidi hunyoosha boliti mpaka ipoteze uthabiti wake. Kazi hiyo hutaka spana yenye kipimo, na gereji isiyo na spana hiyo haistahili kufunga spesa ya mtu yeyote.

Msomaji mmoja aweza kuuliza: gari ni langu, fedha ni zangu, ninyi yanawahusu nini? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu. Gurudumu likiwa limefungwa ni mali ya mwenye gari. Likichomoka barabarani halina tena mwenyewe. Halina breki, halina usukani, wala halichagui litakayemkumba. Gurudumu la Land Cruiser pamoja na tairi lake huzidi kilo 30. Likichomoka gari likiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, huendelea kwa mwendo ule ule wa gari, ambao ni sawa na wa kitu kilichoangushwa kutoka ghorofa ya nane. Anayesimama mbele yake ni nani? Ni mama anayepanga ndizi kando ya lami. Ni mwanafunzi anayetoka shule. Ni kijana wa bodaboda na abiria wake. Hao hawakununua spesa, hawakuulizwa, na sura nzuri ya gari haikuwapatia faida yoyote.

Hata gurudumu lisilochomoka huwakera wengine likitokeza nje ya madigadi. Wakati wa mvua hurusha tope juu ya waendao kwa miguu, na wakati wa kiangazi hurusha kokoto. Gari likipakia mizigo na kutumbukia shimoni, tairi hupiga ukingo wa madigadi na kuchanika. Katika barabara za vumbi za hifadhini, zenye mikunjo kama bati, mtikisiko hauna mapumziko kutoka asubuhi hadi jioni. Mazingira hayo yanadai magari yenye viungo vichache vya kulegea, si vingi.

Wengine watajibu kwamba wameendesha na spesa miaka mingi bila ajali. Tunafurahi kwa ajili yao. Yawezekana spesa zao ni nzuri na mafundi wao ni waangalifu. Lakini usalama wa mtu mmoja si ushahidi kwamba njia ni salama kwa wote, hasa ikiwa wanaomfuata watanunua kifaa cha bei ya chini na kukifunga chini ya mwembe. Wengine watatukumbusha kwamba hata kampuni ya Porsche imepata kuuza magari yaliyofungwa spesa kiwandani. Ni kweli. Lakini kiwanda kile kilipima boliti, kitovu, beringi na rimu kwa pamoja, kisha kikaandika vipimo. Tukitaka kuiga, tuige kazi yote. Tusiige bamba peke yake.

Nchi nyingine zimekwisha kulifikiria jambo hili. Ujerumani haikuzipiga marufuku spesa. Imeweka sharti kwamba kifaa kiwe na hati ya kuthibitishwa ubora, na pale inapohitajika gari lipelekwe kwa mkaguzi aliyeidhinishwa, atazame kazi iliyofanyika na mabadiliko yaandikwe katika hati za gari. Australia, nchi yenye barabara ndefu za vumbi na Land Cruiser nyingi kama zetu, imefuata njia kali zaidi: mwongozo wake wa kitaifa wa kubadilisha magari hauruhusu spesa kati ya kitovu na rimu, isipokuwa zile zilizotoka na gari kiwandani. Nchi hizo mbili zimetofautiana katika dawa, lakini zimekubaliana juu ya ugonjwa: upana wa magurudumu si jambo la kubadilishwa kiholela.

Hapa kwetu, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu kuendeshwa barabarani. Hiyo ni silaha tosha ikiwa itatumiwa kwa maarifa. Gari lenye nati zilizoshika nchani ni bovu hata kama limepakwa rangi jana. Tunashauri basi mambo yafuatayo.

Kwanza, magari yote yanayobeba abiria kwa malipo yasifungwe spesa za aina yoyote. Abiria wa daladala hana nafasi ya kuchungulia nyuma ya rimu kabla ya kupanda, na hana uwezo wa kukataa. LATRA, ambayo ndiyo inayotoa leseni za usafiri huo, ingefanya vyema kuliweka sharti hilo waziwazi katika masharti yake.

Pili, wamiliki wa magari ya watalii ambao wanaona hawawezi kukwepa spesa kwa sasa, wanunue zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hilo hasa, waandike tarehe ziliyofungwa, na wahakikishe kwamba magurudumu ya nyuma yanavuliwa na nati za ndani zinakazwa upya baada ya kilomita 50 hadi 100 za mwanzo, kisha kila gari linapoingia gerejini kwa matengenezo. Saa moja ya kazi si gharama mbele ya maisha ya wageni sita na dereva wao.

Tatu, Shirika la Viwango liweke kiwango cha spesa zinazoingizwa na zinazotengenezwa nchini, na muuzaji alazimike kuonyesha zimetengenezwa kwa madini gani, kwa gari gani, na nati zikazwe kwa nguvu gani. Bamba lisilo na maandishi yoyote lisiuzwe.

Nne, askari wa usalama barabarani wafundishwe kuzitambua. Si kazi ngumu. Gurudumu lililopita ukingo wa madigadi ni dalili ya kutosha ya kumfanya askari aulize, na akitilia shaka alipeleke gari kwa mkaguzi ambaye atalivua gurudumu. Tunasisitiza kwamba ukaguzi huo uwe wa kuokoa maisha na si kichaka cha kuombea rushwa, maana ukaguzi unaonunuliwa ni hatari kuliko kutokuwapo kwa ukaguzi.

Tano, vyuo vya VETA viwafundishe vijana wetu si kufungua na kufunga gurudumu tu, bali sababu ya kila kipimo. Mafundi wetu wana mikono ya ajabu. Magari ambayo kwingine yangetupwa wao huyafufua. Fundi wa namna hiyo akielewa kwa nini nati izunguke mara 8, atakuwa wa kwanza kumwambia mteja, "Hapana mzee, hii siifungi." Nasi wateja tumheshimu anaposema hivyo, badala ya kulipeleka gari kwa jirani yake asiye na swali.

Mwisho, mwenye gari ambaye tayari amefunga spesa asingoje sheria wala askari. Leo jioni aweke jeki, avue gurudumu, atazame. Ahesabu mizunguko ya nati. Asafishe kutu. Akaze kwa kipimo. Akikuta boliti iliyokatwa au hesi iliyokwisha, avue spesa yote na arudishe gurudumu kama kiwanda kilivyoliweka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jambo hili ufa wenyewe umejificha nyuma ya rimu inayong'aa. Wajibu wa kwanza wa kuuona ni wa yule mwenye funguo za gari.